Oudtshoorn kwa mbuni: siku mbili zinatosha?

Mwana wa Katuba:
Ndugu zangu, Julai nampeleka mama Afrika Kusini. Tutashuka mji wa George, tupande gari hadi Oudtshoorn. Mama amefuga kuku miaka mingi hapa Lubumbashi, anatamani sana kumwona mbuni. Siku mbili zinatosha? Magoti yanamsumbua.

Yaya wa Kampemba:
Zinatosha, mdogo wangu. Siku ya kwanza yote ipeni shamba la mbuni. Mimi nilipewa yai nikalipokea kwa mikono miwili: zito kama mtoto mchanga, ganda lina vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Moja ni sawa na mayai 24 ya kuku! Jike wa kijivu hulalia mchana, dume mweusi hulalia usiku, siku 42 hivi. Mama atayapenda hayo. Mjini mzione pia nyumba kubwa za mawe za matajiri wa manyoya ya mbuni, waliojenga kabla ya soko kuanguka 1914.

Papa Kamalondo:
Kesho yake nendeni mapango ya Cango, kilomita 30 hivi. Chukueni ziara fupi, na hata hiyo ina ngazi. Ile nyingine watu wanatambaa kwa tumbo, mama asiiguse. Barabara ya milima ya Swartberg, ya 1888, ni ya changarawe yenye kona kali. Mvua ikinyesha, acheni. Makoti msisahau, usiku wa Julai kule unauma kuliko wa kwetu.

Mwana wa Katuba:
Aksanti sana. Mama ameshaanza kuuliza mbuni wanalishwa nini.

Yaya wa Kampemba:
Majani ya luseni (alfalfa), mwambie. Na mawe madogo, kama kuku wake.