Mrejesho: mzee wangu mwenye Parkinson na kusahau

Wakuu, niliuliza kuhusu mzee wangu mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kuwa mzito), kwamba siku hizi anasahau na ukimuuliza kitu anachelewa mno kujibu, asanteni sana mlionijibu. Tulienda kwa daktari wa neva akampima uwezo wa kufikiri kwa kumwambia achore saa ya ukutani, namba zote akazirundika upande mmoja, iliniuma kwakweli. Kumbe dawa yake ya kutetemeka, trihexyphenidyl, inaweza kuvuruga kumbukumbu hasa kwa wazee, kwahiyo anapunguziwa taratibu, jamani msimwachishe mtu ghafla. Kapimwa na mkojo maana maambukizi nayo huleta kuchanganyikiwa. Nyumbani tunamuuliza swali moja moja tunasubiri, ukimdokezea kidogo tu jina linamjia mwenyewe. Rivastigmine, dawa ya kusaidia kumbukumbu, tutaijadili kliniki ijayo.