Mpango mpya wa ufuo wa Ziwa Victoria mjini Kisumu: watu wa baiskeli tudai nini?

mamba_mweusi
Mchoro unaonyesha "njia ya pamoja" ya mita 3, miguu na baiskeli, kutoka upande wa bandari kuelekea Dunga. Maoni yanapokelewa kwa maandishi. Tukisema "tunataka njia ya baiskeli" watatujibu ipo tayari. Tuandike nini hasa?

futi_kamba
Andikeni vipimo. Baiskeli iliyofungwa kreti la samaki au mitungi ya maji huku na huku inakula karibu mita 1. Mbili zikipishana, weka nusu mita katikati na robo mita kila ukingo: mita 3 zimekwisha, na bado hujaweka mtoto wala muuza mahindi. Kwa hiyo mita 3 za baiskeli peke yake, na zisizopungua 2 za miguu kando yake. Zitenganishwe kwa ukingo mfupi wa sentimita 5 hivi, ulioinama. Mstari wa rangi haumzuii mtu, na ukingo mrefu uliosimama wima hunasa pedali.

Upana huo uwe wazi kabisa. Ukisoma mchoro, toa nguzo za taa, mabenchi na miti kwanza, kisha ndipo upime. Mara nyingi mita 3 za karatasini hubaki 2.

Uso wa njia uwe lami au zege. Kabro (matofali ya zege ya kupanga) hupendeza siku ya uzinduzi, lakini udongo mweusi wa Kisumu huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi ukiwa mwembamba, kabro huzama hapa na kuinuka pale. Vyuma vya kufunika mitaro vilazwe kukingama na mwendo, maana vikifuata mwendo tairi jembamba huingia katikati ya nondo.

Na reli ya bandarini? Njia iikate kwa pembe ya karibu nyuzi 90, isishuke chini ya 60. Ikikatwa kwa mshazari, gurudumu huteleza ndani ya mfereji wa reli na mzigo humwangukia mwenyewe.

mlinzi_wa_lango
Yote sawa, ila mnapigania upana na kusahau lango. Ufuo ukijengwa kama bustani yenye ua, siku moja kutabandikwa kibao "baiskeli haziruhusiwi", au geti lifungwe saa kumi na mbili jioni. Mbeba samaki anapita alfajiri. Kwake njia yenye saa za kufungwa ni mapambo tu.

Dai la kwanza liwe hili: njia isajiliwe kama haki ya umma ya kupita, jambo ambalo Sheria ya Ardhi ya 2012 inalitambua, isiachwe kwenye kanuni za bustani ambazo meneja anaweza kuzibadilisha kesho. Anayepewa kusimamia ufuo aikute tayari kwenye hati.

mamba_mweusi
Shukrani. Ripoti ya athari za mazingira hatujaiona. Tunaipataje?

mlinzi_wa_lango
Ombeni kwa barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na huenda dirisha la maoni likafungwa kabla yake. Msisubiri: pelekeni maoni sasa, nakala kwa mwakilishi wadi, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

futi_kamba
Ambatisheni hesabu. Watu wawili kila kituo, saa 12 hadi 2 asubuhi na saa 10 hadi 1 jioni, siku moja ya kazi na Jumamosi moja, mkiandika kila dakika 15. Tenganisheni wenye mizigo na wasio nayo, wanaopita na wanaoishia ufuoni. Wanaopita ndio hoja yenu ya lango. Wanaoishia ndio wa maegesho: vyuma vya umbo la U iliyopinduliwa, kimo sentimita 75 hadi 80, mita 1 kutoka kimoja hadi kingine. Vile vya kubana gurudumu la mbele vikataeni, vinapinda rimu na fremu haifungiki.

Halafu kipindi cha ujenzi. Mabati ya mkandarasi yakishaziba njia, hakuna anayekumbuka baiskeli. Njia ya muda ya mita 2, yenye taa, iwe na mstari wake kwenye BQ (orodha ya kazi na gharama za mkandarasi), la sivyo hakuna atakayeilipia.