Kidonda cha sikioni kwa mwenye ualbino: rufaa lini?

Tabibu, Moshi vijijini: Wakubwa, shikamooni. Mwenye ualbino ana kidonda juu ya sikio. Nimpe dawa ya kupaka au rufaa?

Jibu: Marahaba. Kikipita wiki 4 bila kupona, gaga likibanduka kinavuja damu, kingo ngumu: rufaa hospitali ya KCMC, kikatwe kipande kipimwe kama ni saratani ya ngozi. Krimu ya steroidi itakuchelewesha tu. Kagua na mdomo wa chini, na tezi za shingo.

Jibu: Wagonjwa weusi nao wavue soksi, tafadhali! Melanoma yao (aina ya saratani ya ngozi) hupenda nyayo na chini ya kucha, sisi tunaishia usoni.

Jibu: Losheni ya jua: kijiko cha chai kwa uso na shingo, dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila saa 2. Ikipakwa kiduchu, kinga inashuka sana. Kapelo inaacha masikio wazi; avae kofia pana pande zote.