Ligandi haiyeyuki, fuwele zinapasuka: naombeni ushauri

Nyuki_wa_Sikonge: Mwangaluka wakuu. Nipo Tabora mjini. Nina fuwele nzuri za kimeng'enya, zimekua kwenye amoniamu salfeti ya mola 2. Nataka kuingiza humo ligandi, yaani molekuli ndogo inayoshikana na kimeng'enya: ni flavonoidi (kemikali ya mimea) tuliyoitoa kwenye gundi ya nyuki wa miombo. Kwenye kiyeyushi cha DMSO inafika milimola 100 bila shida, ila ikigusa tone la fuwele tu inageuka unga wa njano. Nikipandisha DMSO hadi asilimia 20, fuwele zinapasuka. Eksirei za kuonyesha umbo la kimeng'enya zitapigwa nje ya nchi, hivyo nataka kutuma fuwele ambazo ligandi imo kweli. Kd, yaani kiwango cha ligandi kinachojaza nusu ya kimeng'enya, ni kama mikromola 20.

Mkemia_Urambo: Mkuu, kinachokukwamisha ni chumvi. Salfeti nyingi hivyo hufukuza chochote kisichopenda maji. Hamishia fuwele hatua kwa hatua kwenye PEG 3350 (polima inayokuza fuwele badala ya chumvi) ya asilimia 25 hadi 30, bafa na pH zilezile. Zikikataa, tafuta upya mazingira ya kukuzia yenye PEG. Ni kazi ndefu, lakini mimi ningeifanya.

Dada_Kaliua: Kwanza loweka fuwele tupu kwenye DMSO pekee: asilimia 2, 5, 10, 15. Nyingi hustahimili 5 hadi 10. Na kwa Kd hiyo asilimia 20 ya nini? Mara kumi ya Kd ni milimola 0.2 tu. Unga nao usikutishe mdogo wangu: kile kidogo kilichoyeyuka kikiingia kwenye fuwele, unga huyeyuka kufidia. Funika, acha usiku kucha au zaidi.

Nyuki_wa_Sikonge: Asante dada. Ila mfuko wa kimeng'enya, pale ligandi inapokaa, umezibwa nusu na molekuli jirani ndani ya fuwele.

Mkemia_Urambo: Aa, hilo ungeanza nalo! Basi kuloweka hakutafaa hata ligandi iyeyuke kama sukari. Unganisha ligandi na protini (kimeng'enya chako) kabla ya kukuza fuwele. Chukua protini iliyozimuliwa, miligramu 1 kwa mililita. Ikiwa uzito wa molekuli yake ni kilodaltoni 25, hiyo ni mikromola 40. Tia ligandi mikromola 100, DMSO isizidi asilimia 2, iache kwenye friji usiku kucha. Zungusha kwenye sentrifyuji uondoe unga, ndipo ukoleze hadi miligramu 10. Ligandi iliyoshikwa hupanda pamoja na protini yake.

Dada_Kaliua: Na utume pia fuwele zilizokua na DMSO bila ligandi. DMSO yenyewe hupenda kukaa mfukoni. Bila za kulinganisha, doa dogo kwenye ramani ya elektroni inayotokana na eksirei utalidhania flavonoidi yako.