Naomba ushauri: binti aliyeokolewa aende kiwanda cha minofu?

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu.

Ninaishi Igoma, Mwanza, na mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 19. Alichukuliwa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kufungiwa ndani akifanya kazi za nyumbani bila kulipwa hata senti, mpaka polisi walipomtoa. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tunayo tangu 2008, lakini maisha ya baada ya kuokolewa ni juu ya familia.

Sasa amepata kibarua kiwanda cha minofu ya sangara. Anafurahi, anataka hela yake mkononi, na kwa hilo namuunga mkono kabisa. Ila nimemuona jirani yangu anayefanya kazi huko: anashinda wima sakafu ikiwa na maji, buti miguuni, vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Samaki wakiadimika ziwani, vibarua wanarudishwa getini bila kitu. Na huyu mwanangu, mtu akimpazia sauti tu, anatetemeka na kuacha alichoshika.

Sheria ya kazi inasema saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni ovataimu. Kibarua asiye na mkataba atadai kwa nani?

Mimi nawaza cherehani au VETA (chuo cha ufundi) kwanza, yeye hataki kusubiri. Waliowahi kulea binti wa aina hii, au mliopitia wenyewe: kiwanda kilimjenga au kilimrudisha kulekule? Na nimtake mwajiri aandike nini kabla hajaanza Jumatatu?