Sitini na Tano ya Mjomba

[07:12] Mama Neema: Asalaam aleikum wote. Jumamosi ni keshokutwa na waliochanga ni watatu tu. Mjomba hayumo humu, asimwongeze mtu! Santuri nimeipata. Bendi ya Van Halen, albamu ya 1984 yenyewe, ile ya kitoto cha malaika kimeshika sigara. Tunaipiga yote kuanzia mwanzo, nyimbo 9, haifiki dakika 35. Nani analeta spika?

[07:13] Mama Neema: Spika jamani

[09:40] Anti Mwana: Waaleikum salaam. Sheikh anakuja kusoma dua. Huyo malaika mvuta sigara mtamficha wapi 😂

[09:41] Sele: Mvalisheni kanzu 😂😂

[09:44] Mama Neema: Nimeuliza spika.

[11:20] Baba Tuma: Kwa nini isiwe albamu yao ya 5150? Mwimbaji wao David Lee Roth alipoondoka 1985 watu walisema bendi imekwisha. Kaja Sammy Hagar, 1986 hiyo 5150 ikashika namba 1 Marekani. 1984 iliishia namba 2, Thriller ya Michael Jackson imeikalia juu.

[11:26] Mama Neema: Na gitaa la Beat It humo kwenye Thriller kapiga nani? Eddie Van Halen huyo huyo! Kajizibia njia mwenyewe. Mjomba ni mtu wa Roth. Tangu Roth aondoke hakununua tena kaseti yao. Anasema Hagar ana koo, lakini Roth ukimsikia unahisi anakutazama wewe.

[11:31] Sele: Roth kilimshinda kile kinanda cha wimbo wa Jump. Yeye anataka gitaa, Eddie kajenga studio nyumbani kwake anarekodi anavyopenda. Mafahari wawili hao

[11:33] Mama Neema: Na wewe Baba Tuma, kwa habari ya kaseti nyamaza kabisa. Nani alibandika selotepu kwenye vitundu akarekodia harusi? Wimbo wa Panama katikati, mara vigelegele!

[11:35] Sele: Kigelegele cha Anti hicho, kimetoka safi 😂

[11:36] Anti Mwana: 😂😂 koo nilikuwa nalo

[11:41] Baba Tuma: Nilikuwa na miaka 14. Au na mimi niseme ya Tanga?

[11:41] Anti Mwana: Tanga tena, ya Rabi

[11:43] Baba Tuma: Ujumbe huu umefutwa

[11:44] Mama Neema: Nimeuona.

[12:30] Neema: Nimemsomea Bibi. Anasema niandike hivi hivi: "Mwanangu alipanda meli bila kuniaga. Miaka minne. Karudi na mkoba mmoja na hiyo kaseti. Usiku nikiisikia chumbani kwake najua yumo ndani, nalala. Habari ya Tanga sitaki kuisikia. Asiyekuja Jumamosi, na mazikoni kwangu asije."

[16:05] Baba Tuma: Shikamoo Bibi. Nitakuja.

[16:06] Anti Mwana: Shikamoo mama. Mchango natuma kesho in shaa Allah

[16:20] Mama Neema: Alhamdulillah. Spika?

[18:47] Sele: Nitamuuliza jirani. Lakini hiyo santuri mtaipigia kwenye nini?

[18:52] Mama Neema: Si kuna mashine kwa Baba Tuma?

[19:30] Baba Tuma: Ya marehemu baba ipo. Sindano ndiyo imekufa.

[19:31] Mama Neema: Kesho nani anapita Kariakoo?

[19:58] Mama Neema: Sele?

[20:15] Neema: Bibi kalala. Ameuliza kama Mjomba anajua.