UZI: Mnasema "wanaoanza karibu", kumbe mlango mmeufunga kwa ndani

Wadau, habari zenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mwenye haraka apite salama.

Leo alfajiri, saa kumi na moja, simu ililia nikadhani ni mtu wa nyumbani Ugunja ana shida. Kumbe ni roboti, programu inayojibu yenyewe bila mtu. Roboti ya mradi mmoja wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha ndani (sitautaja, msiniulize), imeifunga kazi yangu ya wiki sita kwa mistari miwili: haijaguswa kwa siku 14, kwa hivyo inafungwa, asante kwa mchango wako. Asante! Siku hizo 14 aliyetakiwa kuigusa ni nani? Mimi nilikuwa nimejibu kila nilichoulizwa. Aliyebaki na neno ni msimamizi wao, na huyo roboti haimfungii kitu.

Mimi nakaa Manyatta hapa Kisumu. Mchana natengeneza simu kwenye kibanda Kondele, usiku najifunza kuandika programu. Mwezi wa tano nililipia darasa fulani mjini, na wimbo wa mwalimu ulikuwa mmoja tangu siku ya kwanza: cheti hakina kazi, onyesha michango yako. Ingia GitHub, tovuti inayohifadhi miradi hiyo, tafuta kazi zenye lebo ya wanaoanza, tuma puli rikwesti yako ya kwanza (ombi la kuingiza marekebisho yako kwenye mradi), waajiri watakuona. Siku moja msichana mmoja wa Nyalenda alimwomba atuonyeshe moja aliyowahi kutuma yeye mwenyewe. Akasema muda umeisha, tutaangalia wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo hatujaiona mpaka leo. Ningekuwa na akili ningeondoka pale pale na pesa iliyobaki.

Nikaingia kutafuta hizo kazi za wanaoanza. Unafungua moja, chini yake kuna foleni ya watu kumi na wawili, kila mmoja "naomba nipewe hii", kama vijana wa boda wakimwona abiria mmoja ameshuka matatu. Unafungua nyingine, ina lebo, lakini ndani wakubwa wawili wanabishana tangu mwaka juzi kama hiyo kazi inafaa kufanywa au la. Ya tatu inahitaji uujue mradi mzima ndipo uelewe swali lenyewe. Lebo inabandikwa siku moja, halafu hakuna anayerudi kuangalia kama bado ni kweli.

Mwishowe nikapata moja nikasema hii ni yangu, Mungu ameniandalia. Tafsiri ya Kiswahili. Programu yao ina Kiswahili, lakini cha mashine. Kitufe cha kuhifadhi faili kimeandikwa "Okoa". Mkenya akiona "okoa" kwenye simu anajua anakopa kredo ya kupigia, ile Okoa Jahazi! Neno ni "hifadhi", mtoto wa darasa la nne anajua. Nikahesabu maneno 43 ya namna hiyo. Nikasema hapa hakuna wa kunishinda.

Sasa sikilizeni.

Ili uone maneno yako kwenye skrini lazima programu iwake kwenye mashine yako. Mwongozo wao una mistari minne, utadhani ni kuchemsha chai. Mstari wa pili pekee unapakua mizigo ya Docker (chombo cha kuwashia programu pamoja na vyote inavyohitaji) ya zaidi ya GB 6. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 4. Bando la nyumbani lisingetosha, nikaenda saiba, duka la intaneti, nikamwomba mwenyewe nilipie saa za usiku. Ikafika asilimia 80, stima ikapotea. Nikaanza upya. Ilipomaliza, mashine ikaganda kama ugali wa jana.

Halafu Git, chombo cha kutunza kazi na kuipandisha kwenye GitHub. Video niliyokuwa nikiifuata ni ya 2019, na ndani yake jamaa anaandika nywila yake na kazi inapanda. Mimi naandika yangu, inakataliwa. Nikaibadilisha mara tatu nikidhani nimeisahau. Siku mbili nzima. Kumbe tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei tena nywila ya akaunti kwenye Git, unatakiwa kutengeneza tokeni au ufunguo wa SSH, vitambulisho vya siri vya kutumia badala ya nywila. Sawa, ni usalama, siwalaumu kwa hilo. Na mwongozo wa mradi wenyewe bado unasema usukume kwenye tawi la master, yaani nakala kuu ya kazi, wakati mradi ulishahamia jina la main kama wengi walivyofanya baada ya 2020. Mashine inakujibu haijui hiyo master ni nini. Mzoefu anacheka na kubadilisha neno moja. Mimi ambaye sijui kilichoharibika ni kipi, naanza kushuku mtandao, naishuku laptopu, naishuku akili yangu.

Nikaenda kuuliza kwenye chumba chao cha mazungumzo. Na hapa ndipo paliponiuma kuliko bando.

Nilisalimia. Niliandika hamjambo, natumaini mko salama, mimi ni mgeni. Nikangoja niitikiwe. Wewe ulilelewa wapi uingie kwa mtu uanze kuomba chumvi kabla hajakuitikia hodi? Nikangoja saa nne nzima. Watu wanapita, wanaongea mambo yao, wanacheka, hakuna wa kusema hata "sijambo". Ndipo mmoja akanitupia kiungo. Nikafungua kwa furaha, nikakuta ni ukurasa mzima uliotengenezwa kumweleza mtu kwamba kusalimia na kungoja ni kuwapotezea watu muda, uliza swali lako moja kwa moja. Yaani adabu niliyochapwa nikiwa mdogo ili niijue, huko imeandikiwa ukurasa wa kuikataza. Sikatai, huenda kwao ndivyo. Lakini nani angeniambia? Mwongozo wao una kurasa juu ya nafasi ngapi uache mwanzoni mwa mstari, ila jinsi ya kumsemesha mtu haumo.

Nikauliza moja kwa moja basi. Jibu: soma nyaraka. Nikauliza ukurasa upi. Nikawekewa kikatuni cha uso unaotabasamu. Hizo nyaraka ndizo zilizonipoteza, ndugu yangu!

Wanafanya mkutano wa sauti kila Jumanne, saa nne asubuhi za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa mbili usiku. Nikawa nabaki saiba, nasikiliza, naandika. Novemba ilipoingia wakarudisha saa zao nyuma, mkutano ukasogea hadi saa tatu yetu. Sisi hapa jua linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, nitajuaje? Nimekaa saa mbili mpaka saa tatu peke yangu kwenye chumba kitupu, na saa tatu mwenye saiba anashusha mlango. Kesho yake nikasoma kwamba Jumanne hiyo ndiyo walikuwa wamewatengea wageni muda wa maswali.

Hata hivyo nilituma. Puli rikwesti yangu ya kwanza, maneno 43. Nilimwonyesha mama akasema vizuri, umekula?

Dakika moja baadaye roboti ya kwanza: ujumbe wa komiti yako (maelezo ya badiliko ulilohifadhi) haujafuata muundo. Roboti ya pili: hujaweka mstari wa saini. Ya tatu ikapiga majaribio, yakafeli kwenye sehemu ya ramani ambayo sijaigusa wala sijui iko wapi. Baada ya siku tisa akaja binadamu. Hajui Kiswahili hata neno. Akaniuliza nina ushahidi gani kwamba "hifadhi" ni sahihi, maana mashine ya kutafsiri ilimpa "okoa". Nikaipiga picha kamusi ya shule ya dada yangu nikamtumia. Sijawahi kujisikia vile. Lugha ninayoiongea tangu asubuhi mpaka usiku, natakiwa niitolee kitambulisho.

Akaridhika, akasema sasa zibane komiti zako tano ziwe moja, halafu fanya ribesi, yaani uipange kazi yako juu ya mabadiliko mapya ya wenzako. Nikafuata maelezo niliyoyapata huko na huko. Wanaojua mshaanza kucheka. Puli rikwesti yangu ikatokea na komiti 112 za watu wengine, na arifa zikawaendea watu 23 ambao hawanijui. Mmoja akaandika tu: tafadhali usifanye hivi. Nilizima laptopu nikaenda kulala na nguo. Ilinichukua siku nne kurekebisha.

Wiki ya tano, wiki ya tano wadau, msimamizi akakumbuka kitu. Faili ile ya tafsiri haiguswi kwa mkono. Inajitengeneza yenyewe kutoka kwenye tovuti nyingine ambako watafsiri huingiza maneno, kwa hiyo hata wangenikubalia, ingefutwa siku watakapoleta tafsiri mpya. Kwa nini kazi iliwekewa lebo ya wanaoanza huku hakuna kilichotakiwa kuguswa? Kwa nini niliambiwa nizibane komiti za faili isiyoandikwa? Akasema ngoja niwaulize watu wa tafsiri. Nikangoja. Siku 14. Hayo mengine roboti imeshawaambia.

Najua mtakachosema. Wasimamizi wanajitolea, hawalipwi, wamechoka. Naelewa. Mwaka 2020 mashindano ya Hacktoberfest yalitoa fulana kwa waliotuma puli rikwesti nne, watu wakajaza miradi takataka hadi waandaaji wakabadilisha kanuni tarehe 3 Oktoba, katikati ya safari. Mwaka 2024 ndiyo ile ya xz, programu huria ya kubana faili: mtu aliyejiita Jia Tan alisaidia mradi kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Ningekuwa msimamizi na mimi ningemtazama mgeni kwa jicho la pembeni. Ila kama humtaki mgeni, usimwandikie karibu kwenye kizingiti. Toa lebo. Andika "tumechoka, hatupokei watu mwaka huu". Nitaenda kwingine bila chuki, na bando langu litabaki mfukoni.

Na ukali si sifa ya ufundi, msiniletee hiyo. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianza Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa jinsi alivyokuwa akiwatukana watu, akapumzika kwa muda. Linux haikufa.

Kuna mwingine ameshaniandikia faraghani kwamba mambo haya si ya watu wa huku. Omera, uliza kwanza. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa unaotumika nchi nyingi, ulianza kufanya kazi Eldoret mnamo 2006, na kabla yake kulikuwa na mfumo mdogo kwenye kituo cha afya cha Mosoriot tangu 2001. Mosoriot! Pale pale barabara ya kwenda Kapsabet. Ushahidi nayo, ramani ya mtandaoni ya kuripoti vurugu, ilitengenezwa na Wakenya na wenzao Januari 2008, nchi ikiwaka moto. Kwa hiyo suala la "watu wa huku" liache.

NIMEONGEZA, saa mbili usiku: Nimesoma majibu yote. Aliyesema nianzishe mradi wangu mwenyewe, nashukuru, lakini nilienda huko kujifunza kwa watu, kujifunza peke yangu nilikuwa nafanya bure. Aliyesema "umepewa bure halafu unalalamika", hesabu saa za saiba kisha uniambie bure iko wapi.

Wale mnaouliza darasa ni lipi, sitataja. Nitasema tu kwamba wanaandikisha wengine Januari, na jana mama mmoja wa Kibuye alileta simu kibandani akaniuliza kama amlipie kijana wake. Nilikaa na bisibisi mkononi nikakosa la kumwambia. Anarudi Jumamosi kuchukua simu.

Kwa hiyo, mwenye kujua mradi ambao mtu hai hujibu ndani ya wiki moja, aweke jina lake hapa chini na aseme yeye mwenyewe alijibiwa lini. Si mliosikia, nyinyi mliojibiwa. Wa kuniambia nisome nyaraka apite tu.

Nimeangalia sasa hivi, bado imeandikwa "Okoa".